SOMO: MWISHO WA MUSTARI KATIKA ORDINATERE



Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tatu alifanya programu ya kuandika liste ya majina ya mutihani. Ku ordinatere ya Linux kila jina lilikuwa na mustari wake. Lakini ku ordinatere ya zamani ya biro majina yote yalifuatana mustari mumoja tu! Mimi, kapita wenu, nilimupa azabu palepale. Nilikosa. Sababu ni hii.

1. Asili yake

Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ilikuwa mashini ya kuandika yenye kupokea alama kwa waya. Kwa kuanza mustari mupya ilifanya kazi mbili: kurudisha kichwa cha kuandikia upande wa kushoto, tena kusogeza karatasi. Katika hesabu ya ASCII kazi ya kwanza ni namba 13 (kwa programu tunaandika "\r"), ya pili ni 10 ("\n"). Ukituma 10 peke yake, maneno yanashuka kama ngazi. Ukituma 13 peke yake, maneno yanapandana.

2. Kila moja na desturi yake

Kioo cha ordinatere hakina karatasi, lakini zile namba zilibaki:
– Unix na Linux: 10 tu.
– MS-DOS (1981) na Windows: 13 na 10.
– Macintosh ya zamani: 13 tu, tangu Mac OS X (2001) ni 10.

Mpaka mwaka 2018 Notepad ya Windows ilijua 13 na 10 tu. Ikipata 10 peke yake, haioni mwisho wa mustari. Kumbe majina hayakuharibika!

3. Dawa

Katika Python andika "\n" tu, mashini itafuata desturi yake. Kama fishie inakwenda ku Windows ya zamani, fungua hivi:

open("majina.txt", "w", newline="\r\n")

Usiongeze "\r" kwa mukono wako, juu utapata 13, 13, 10.

Yule mudogo wetu aliongeza neno hilo moja, liste ikatoka vizuri. Nilimuomba musamaha mbele ya darasa lake, na hapa narudilia. Mbele ya kuhukumu mwenzako, uliza kwanza mashini ilipokea namba gani.

Ulizo: Fishie ya Linux iko na mistari 40. Ukiigeuza kwa desturi ya Windows, itaongezeka namba ngapi? Leteni majibu kwangu.