Maji ya batiki: mlonge unaondoa rangi, chumvi inabaki

Leo somo ni la maji, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita, kwenye siku ya wakulima, nilionyesha jinsi unga wa mbegu za mlonge unavyosafisha maji ya tope ya lambo. Baada ya saa mbili unaona hadi chini ya ndoo. Watu wakapiga makofi, tukaenda kula. Sikusema mlonge hausafishi nini.

Kijana mmoja akalichukua somo hilo. Jirani na shamba lake kuna kina mama wanaotengeneza batiki, na maji yao ya kuoshea vitambaa yalikuwa yanamwagwa tu mtaroni. Akayakusanya kwenye mapipa, akatia mlonge, rangi ikazama chini, akamwagilia robo eka ya vitunguu. Wiki ya tatu akanipigia: “Bwana shamba, maji ni meupe kabisa lakini vitunguu vinaungua ncha.” Nilipofika nikakuta udongo una gamba jeupe juu, na maji yanasimama kama kwenye sakafu.

Nikatoa kipimo cha EC, kile kinachosoma chumvi iliyoyeyuka. Maji ya kisima chake yalisoma 0.6. Maji ya batiki kabla ya mlonge, 6.9. Baada ya mlonge, 6.8. Yaani kazi yote ile, chumvi iko palepale.

Sababu ni hii. Protini ya mbegu ya mlonge ina chaji chanya, na chembe nyingi za uchafu na rangi zina chaji hasi. Zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Rangi nyingi za batiki zikishapata hewa haziyeyuki tena, zinakuwa vumbi laini ndani ya maji, kwa hiyo mlonge unazikamata vizuri sana. Lakini batiki haipikwi kwa rangi peke yake. Kuna kostiki soda na haidrosalfaiti, na zote mbili zina sodiamu. Viwanda vinavyotumia rangi nyingine za pamba huongeza na chumvi ya kawaida kwa wingi, ili rangi ikamate uzi. Sodiamu imeyeyuka, haina bonge la kuzama. Ikifika shambani inatawanya chembe za mfinyanzi, vitundu vya udongo vinaziba, ndiyo maana maji yanasimama.

Kwa umwagiliaji, EC chini ya 0.7 haina shida. Kati ya 0.7 na 3 chagua zao na uwe mwangalifu. Zaidi ya 3 achana nayo kwa mboga. Vitunguu, maharage na karoti ndiyo dhaifu kabisa kwa chumvi. pH nayo iwe kati ya 6.5 na 8.4, maji yenye kostiki yanapita hapo mbali.

Sasa mtaniuliza, na matete je? Moshi pale mamlaka ya maji ina vitanda vya matete baada ya mabwawa ya majitaka, na wakulima wa mpunga wanatumia maji yake. Ni kweli, ila yale ni majitaka ya mji, siyo ya rangi. Kitanda cha matete ni shimo la kama sentimita 60 lililotandikwa nailoni ngumu, likajazwa kokoto, maji yanapita chini ya kokoto polepole kwa siku kadhaa. Vijidudu kwenye mizizi vinakula uchafu. Kwa maji ya rangi kinasaidia, lakini lazima kifuatiwe na bwawa fupi lililo wazi. Zipo rangi ziitwazo azo, ambazo zikivunjwa mahali pasipo hewa hutoa kemikali za jamii ya amini, na baadhi husababisha saratani. Macho hayazioni, maji yanaonekana meupe. Zinahitaji hewa ili ziendelee kuvunjwa. Na chumvi? Matete hayaiondoi kwa kiasi cha kukusaidia. Kostiki ikiwa kali, matete yenyewe yanakufa.

Tulichofanya na wale kina mama ni kutenganisha maji. Maji ya beseni la rangi na suuzo la kwanza, ambayo ni machache lakini makali, yanakwenda kwenye karo pana lenye nailoni, yanakaushwa na jua. Suuzo za mwisho zinatiwa mlonge, zinapita kwenye matete na bwawa, kisha zinapimwa. Zinamwagiliwa miti ya kuni, siyo mboga. Tope linalozama msiligeuze mbolea, jamani, nimeshaulizwa hilo mara mbili. Na usizidishe unga wa mlonge, maji yatanuka kesho yake. Jaribu kwanza kwenye chupa nne zenye viwango tofauti.

Robo eka ile tumeitia jasi, inayochimbwa Makanya kule Same. Kalsiamu yake inaisukuma sodiamu itoke kwenye udongo, halafu maji mengi ya kisima yanaishusha chini ya mizizi. Vitunguu vilishapotea. Mara ya mwisho kupima, maji yalianza kunywewa na udongo upande wa juu wa shamba. Upande wa chini bado yanasimama, na kijana amepanda bamia kule juu tu.