Barafu inaniunguza goti

*Daktari, goti langu liliteguka nikishuka kwenye pikipiki. Jirani kanishauri niweke barafu, lakini inachoma, hata dakika mbili simalizi. Nivumilie tu?*
*Mama wa Buyenzi, Bujumbura*

Pole sana, mama. Hapana, usivumilie. Baridi hutuliza maumivu na kuzuia uvimbe, ila ngozi nayo huweza kuungua kwa baridi. Barafu iliyotoka friza sasa hivi inaweza kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikiyeyuka ndani ya maji hubaki kwenye sifuri, na hiyo inatosha kabisa.

Kwa hiyo iponde, itie kwenye mfuko usiovuja pamoja na maji kidogo, kisha uufunge kwa taulo. Anza na mikunjo miwili. Ukizoea, punguza mmoja. Jifunike khanga mwili uliobaki usitetemeke. Dakika 10 zinatosha, zisizidi 20, na upumzike saa mbili kabla ya kurudia. Kuchoma kidogo mwanzoni ni kawaida. Goti likifa ganzi, toa. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikitoa malengelenge, acha kabisa. Na usilale usingizi barafu ikiwa gotini.

Mwenye kisukari kilichompunguzia hisia miguuni, au mwenye selimundu, amwulize daktari kwanza.

Ukishindwa kukanyaga, goti likivimba ghafla, au likiwa jekundu na la moto huku una homa, nenda hospitali ya Prince Régent Charles au ya Kamenge siku hiyohiyo.