Cheti cha mionzi cha asali: kumi za nini?



Msimu huu kijana mmoja mfugaji nyuki alinipigia simu usiku. Ana ndoo 40 za asali ya miombo, mnunuzi wa nje kashapatikana, sampuli imeshapimwa. "Bwana shamba shikamoo. Asali yangu imefeli mionzi. Dalali yuko hapa hapa, nimpe tu?" Nikamwambia asimpe mtu ndoo hata moja, anitumie kwanza picha ya karatasi zote mbili.

Cheti cha maabara kilisema: sesiamu-137, < 12 Bq/kg. Fomu ya mnunuzi, ya kizamani kidogo, ilisema sesiamu isizidi 10 nCi/kg. Yeye akaona 12 ni kubwa kuliko 10, akakata tamaa. Ndoo 40 zilikuwa zinaondoka kwa bei ya dalali kwa sababu hakuna aliyesoma herufi zinazofuata namba.

Wazee wa Unyanyembe wasingenaswa hapo. Enzi za misafara, pembe za ndovu zilizotoka Tabora kwenda Bagamoyo zilihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mtu akisema anataka kumi, unamuuliza kwanza: kumi za nini?

Sasa tuingie kwenye hesabu. Bekereli moja (Bq) maana yake kiini kimoja cha atomu kinavunjika kila sekunde na kutoa mionzi. Ni kipimo kidogo mno. Kyuri (Ci) ni kipimo cha zamani, kilichotokana na gramu moja ya madini ya radiamu, nacho ni kikubwa kupita kiasi: Ci 1 ni Bq bilioni 37. Ndiyo maana kwenye chakula huioni kyuri nzima, unaona vipande vyake. Nano (n) ni sehemu moja ya bilioni, piko (p) ni sehemu moja ya trilioni. Kwa hiyo:

1 nCi = 37 Bq
1 Bq = pCi 27, kwa kukadiria

Shika 37 tu, mengine yatakuja yenyewe. Mnunuzi wetu anakubali nCi 10 kwa kilo. Zidisha kwa 37, unapata Bq 370 kwa kilo. Asali ya kijana iko chini ya 12. Au geuza upande wa pili: 12 gawanya kwa 37 ni nCi 0.32. Yaani hajafika hata sehemu moja ya thelathini ya kiwango alichodhani amekivuka!

Tena kuna ile alama < ambayo wengi wanairuka. Haisemi kwamba asali ina Bq 12. Inasema mashine ya maabara, kwa muda ule wa kupima, haiwezi kuona chini ya 12, na kwenye sampuli yako haikuona kitu. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 0.

Hiyo 370 haikutoka hewani. Baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl mwaka 1986, Marekani ilitumia pCi 10,000 kwa kilo kama kiwango cha sesiamu kwenye chakula kinachoingia kwao. Piga hesabu, ni Bq 370 ile ile. Ulaya nao waliweka 370 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, na 600 kwa vyakula vingine. Japani tangu 2012 wako kwenye 100 kwa vyakula vya kawaida. Kwa hiyo usimwambie mnunuzi "nimepita" kabla hujajua mzigo unaenda nchi gani.

Mtego mwingine ni lita. Sisi huku tunauza kwa ndoo na lita, maabara inapima kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, hivyo Bq 12 kwa kilo ni kama 17 kwa lita. Asali haijabadilika. Na ukikuta pCi/g, usitishike: pCi 1 kwa gramu ni sawasawa na nCi 1 kwa kilo, yaani Bq 37 kwa kilo.

Wale wa Urambo na Kaliua wanaolima tumbaku, hebu tazameni mfuko wa NPK 10:18:24 wa kilo 50. Una potasiamu kama kilo 10, na kila gramu ya potasiamu, popote duniani, ina Bq 31 hivi za asili. Jumla ni Bq 310,000 mmelala nazo stoo! Kwa kyuri ni kama sehemu 8 tu za milioni za Ci moja, kidogo sana. Namba kubwa ya bekereli peke yake si habari. Uliza ni elementi gani, na ni kwa kilo ngapi.

Kuna aliyeniuliza kama Bq inageuzwa kuwa siveti (Sv) kwa 37 hiyo hiyo. Hapana. Siveti inapima athari mwilini, na inategemea elementi na umri wa mlaji. Kwa sesiamu-137, mtu mzima anayekula kilo 5 za asali yenye Bq 12 kwa mwaka anapata chini ya mikrosiveti 1, wakati kikomo cha mwananchi wa kawaida ni 1,000 kwa mwaka.

Kijana yule alimwandikia mnunuzi hesabu yenyewe, mistari miwili, akaambatanisha cheti. Nanyi, kabla sampuli haijaenda Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), mwombeni mnunuzi aandike kwenye mkataba kiwango chake kwa Bq/kg, ataje sesiamu-134 na 137 kwa pamoja au kila moja peke yake, na namba ya sampuli kwenye cheti ilingane na iliyobandikwa kwenye ndoo.