Mizizi Iliyo Wazi Hutupa Hesabu ya Udongo

Wasomaji wetu wa Kiwayu na visiwa vya Lamu bila shaka wamepata kuona mti uliosimama juu ya mizizi yake, kana kwamba umejiinua kutoka ardhini. Wengine hudhani kwamba mti ndio uliopanda. Sivyo, ardhi ndiyo iliyoshuka. Mzizi ulio wazi leo ulianza maisha yake chini ya udongo, na nafasi iliyo kati yake na ardhi ya sasa ni alama ya udongo uliokwenda.

Alama hiyo yaweza kuwa kipimo. Mmarekani Valmore LaMarche aliitumia katika milima iitwayo White Mountains, California, yenye misonobari iliyoishi maelfu ya miaka, akatoa matokeo yake mwaka 1968. Hapa Kenya, Thomas Dunne na wenzake walipima mizizi katika sehemu kavu za nchi, na habari zao zikachapishwa mwaka 1978.

Kazi yenyewe ni hii. Tafuta mti mkubwa ulio kwenye mteremko. Usipime penye shina, maana hapo mizizi huinuka kwa desturi yake. Sogea hatua moja au mbili. Pima kutoka mgongo wa mzizi hadi ardhi iliyo chini yake. Ondoa kiasi ambacho mzizi umenenepa kuelekea juu, kwa kuwa huo si udongo uliopotea. Kisha gawanya kwa miaka ya mti. Pima miti mingi, kwani shahidi mmoja hatoshi.

Tuseme kipimo kimekuwa sentimeta 30, na wazee wakumbuka kwamba mti ulipandwa miaka 60 iliyopita. Hiyo ni milimeta 5 kila mwaka. Yaonekana ni kidogo, lakini milimeta 1 katika hekta moja ni meta 10 za ujazo. Basi shamba hilo la hekta moja limepoteza meta 50 za ujazo kila mwaka, tena udongo wa juu, ndio wenye rutuba.

Yapasa kujihadhari. Mkoko una mizizi kama miguu, na mchu huchomoza vijiti vyake topeni. Hiyo ni tabia yao ya asili, wala si dalili ya hasara. Mnazi hauna duara za kuhesabia miaka. Hata mti wenye duara waweza kudanganya katika nchi yenye masika na vuli, kwa kuwa huenda ukafanya duara mbili kwa mwaka mmoja. Tena, katika vilima vya mchanga vya Kiwayu, upepo huchukua huku na kurundika kule. Mzizi hutuambia kiasi kilichokwenda, hautuambii ni nani aliyekichukua.

Pengine mtu wa kisiwani atauliza, udongo wa milimani wamhusu nini? Mto Tana hupokea maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, nao huingia baharini karibu na Kipini. Udongo uliotoka chini ya mizizi ya huko juu hushuka pamoja na maji hayo. Sehemu yake hubaki njiani: bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, limepungukiwa na nafasi ya maji kwa sababu ya matope. Nyingine hufika pwani.

Basi uonapo mzizi wazi, usipite tu. Pima, andika tarehe, na urudi mwakani. Acha vichaka vishike mchanga, na penye mteremko lima kwa kukingama, si kwa kufuata maji. Kujenga udongo huchukua vizazi. Kuupoteza huhitaji mvua chache tu.