Kusafirisha vifaranga safari ndefu kwa gari dogo: nilivyopoteza 61 njiani

Wiki hii vijana wawili, mmoja wa Chamazi na mwingine wa Bunju, wameniuliza swali lilelile: nina oda ya vifaranga Dodoma, naweza kupakia kwenye Noah yangu? Unaweza. Ila kwanza nikusimulie aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi Februari, dada yangu alikopa hela ya vikoba akanituma vifaranga 300 wa kuku wa nyama. Nilichukua maboksi matatu Mbagala, nikayapanga moja juu ya jingine nyuma ya gari, pembeni nikabana na mifuko ya chakula ili yasiyumbe. Tukatoka saa 5 asubuhi. Foleni ya Kimara ikatuchelewesha, Chalinze tukashuka kula, gari likabaki juani vioo vimeachwa wazi vidole viwili. Tulifika Dodoma saa 2 usiku. Boksi la juu walikufa 4, la chini 16, la katikati 41. Kila kifaranga nilimnunua 1,600, kwa hiyo 97,600 ilikwisha kabla hata taa ya bruda haijawashwa. Na diploma yangu ninayo mfukoni!

Angalia lile boksi la katikati. Si baridi iliyowaua wale, ni joto lao wenyewe. Vifaranga 100 kwenye boksi ni jiko dogo: wanapumua, wanatoa joto na unyevu, na hewa chafu ikikosa pa kutokea joto linapanda haraka. Mimi niliziba matundu ya pembeni kwa mifuko ya chakula, na juu na chini nikayaziba kwa boksi jingine. Siku hizi naacha nafasi ya vidole vinne kila upande wa boksi, na kati ya boksi na boksi naweka vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Mifuko ya chakula inasafiri siku nyingine.

Pili, hesabu ya masaa. Utasikia wauzaji wanasema kifaranga anakaa siku tatu bila kula. Ni kweli kwamba anaanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, na hicho kinaweza kumshikilia hadi masaa 72. Lakini masaa hayo yanaanza pale anapotoka kwenye ganda, siyo pale unapolipa! Kwenye mashine hawaanguliwi wote dakika moja. Wa kwanza na wa mwisho wanaweza kupishana siku nzima. Ongeza muda wa kuchambua, chanjo ya mareksi, kusubiri mteja. Unayeambiwa ni "wa leo" anaweza kuwa ameshamaliza masaa 30. Tena kiini kinampa nguvu, hakizuii asikaukiwe maji kwenye joto. Kwa hiyo uliza walianza kutoka saa ngapi, na lenga wanywe maji ndani ya masaa 24. Mtu akikosa jibu, mimi huwa naangalia miguu: ikiwa mikavu na mishipa imetokeza, huyo ana kiu.

Muda wa kutoka: saa 10 alfajiri. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, ukitoka muda huo jua kali linakukuta umeshaipita Morogoro. Usiweke kwenye buti la gari dogo wala buti la basi, hewa hakuna. Kwenye pikapu ya wazi upepo unawakausha, na ukifunika turubai lote unawachemsha. Gari lenye kiyoyozi ni zuri, lakini upepo wake usiwapige moja kwa moja. Jotoridi la ndani ya gari liwe 24 hadi 26, ndani ya boksi itafika kama 32 yenyewe.

Gari likitembea hewa inatembea. Likisimama, hesabu dakika. Ukila, mmoja abaki na gari kivulini, milango wazi. Kila baada ya saa moja na nusu fungua boksi la katikati, siyo la juu. Wakihema midomo wazi na kutanua mabawa, ni joto. Wakirundikana na kupiga kelele kali, ni baridi. Chukua mmoja umguse miguu kwenye shavu lako. Ikiwa ya baridi, punguza upepo.

Boksi lenyewe liwe jipya, lenye vyumba vinne vya vifaranga 25. Usiazime la mwenzio, utaazima na magonjwa. Chini weka maranda au karatasi ya kukwaruza. Gazeti linateleza na kifaranga anapanuka miguu. Kibali cha kusafirisha mifugo chukua kwa daktari wa mifugo wa serikali wa wilaya unakotoka, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inakitaka, na ukikosa ni kusimamishwa njiani huku vifaranga wanachemka.

Kabla hujaondoka piga simu kule unakokwenda: bruda iwe imewashwa tangu jana yake na joto lifike 32 hadi 34. Ukifika, maji kwanza, ya vuguvugu, na sukari gramu 50 kwa lita kwa masaa machache tu. Wachovye midomo wale waliolegea. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Hesabu waliokufa kila boksi peke yake, uandike, na uendelee kuandika hadi siku ya tatu, maana dada yangu alipoteza wengine 9 kesho yake na wote walitoka boksi la katikati.