Hiyo Medali Kaichukue

Haya, wadogo zangu wa Garsen, Minjila na Ngao, sogeeni. Nasikia mmerudi kutoka mashindano ya shule kule Hola mmenuna, na kuna aliyemrudishia mwalimu medali mbele za watu kwa sababu ni ya namba mbili. Eti refa alipendelea. Huenda kweli alipendelea, sikatai. Na kulia si aibu. Lakini hasira hasara, jamani, mara ngapi niseme?

Mnamjua Surya Bonaly? Binti Mfaransa, mweusi kama sisi, bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, 1991 hadi 1995, katika mchezo wa kucheza huku unateleza juu ya barafu. Si barafu hii yetu ya kutia kwenye maji ya ukwaju; uwanja mzima! Mwaka 1994 huko Chiba, Japani, alishindwa ubingwa wa dunia kwa tofauti ndogo na mwenyeji, Yuka Sato. Akagoma kupanda jukwaani. Akabembelezwa, akapanda, akavishwa medali ya fedha, akaivua papo hapo. Machozi yanamtoka, watu wanamzomea. Alikuwa na miaka 20 tu, maskini. Mpaka leo akitajwa, siku ile haiachwi.

Ila msimhukumu kwa hilo peke yake. Mwaka 1998 alikwenda Olimpiki ya Nagano, ile ile ambayo Mkenya wetu Philip Boit aliteleza kwenye theluji akawa wa mwisho na akapigiwa makofi. Bonaly alikuwa na maumivu, medali anaiona inakwenda. Akajirusha sarakasi ya kinyumenyume, akatua kwa mguu mmoja! Ilikuwa marufuku, na alijua atakatwa alama. Akamaliza akiwa amewapa majaji mgongo, akawa wa 10. Mwaka 2024 wenye mchezo wao wakairuhusu sarakasi hiyo.

Mmeona? Chiba ilikuwa hasira, imempanda tu. Nagano alishapiga hesabu, akajua atalipa nini, akakubali. Mimi sikukatazi kupinga, mdogo wangu. Nakukataza kupinga huku kamasi zinakutoka.

Basi kesho asubuhi nenda kwa mwalimu. Mpe shikamoo yake, muombe radhi, medali yako uichukue. Akishatabasamu, ndipo umuulize kwa upole alama zilihesabiwaje, na rufaa hukatwa wapi.