Laptopu ya Kikundi: Mpya ya Bei Rahisi au Mtumba wa Ofisi?

Ndugu wanachama, pesa za michango zikiwa kidogo, msikimbilie laptopu mpya ya bei rahisi. Nyingi ni plastiki tupu, na memori imechomelewa ndani, haiongezeki.

Laptopu za ofisi, kama ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP, ziliundwa kufanya kazi kila siku kwa miaka. Makampuni ya ng'ambo huzibadilisha zingali nzima, ndipo zinaletwa Nairobi na kuuzwa kama "ex-UK". ThinkPad T480 ya 2018, kwa mfano, betri yake ya nyuma inachomoka, na memori fundi anaweza kuongeza.

Lakini mtumba ni mtumba. Nendeni wawili, mmoja awe mweka hazina. Fungueni kifuniko na kukifunga; bawaba zikilegea, acheni. Bonyezeni kila herufi. Chomoeni waya wa stima, mkae nusu saa muone betri. (Muuzaji akinuna, hilo pia ni jibu.) Izimeni, muiwashe tena; ikidai neno la siri la wenyewe wa kwanza, irudisheni hapo hapo.

Halafu someni namba ya prosesa ya Intel. Kwenye i5-8350U, ile 8 ni kizazi cha nane. Chini ya hapo, kwa kawaida Windows 11 haikubali, nayo Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Risiti iwe na namba ya mashine na jina la kikundi, si la mwenyekiti.